Kutoka Mbagathi hadi Kwenye Ruta: Lugha na Maandalizi ya Mafundi wa Mitandao Afrika Mashariki, 1948–2022

Ikisiri

Makala hii inafuatilia namna vijana wa Afrika Mashariki walivyoandaliwa kwa kazi ya mitandao ya mawasiliano, tangu shule ya simu ya Mbagathi ilipofunguliwa mwaka 1948 hadi Kiswahili kilipokubaliwa kuwa lugha rasmi katika Jumuiya na katika nchi jirani. Hoja yake kuu ni kwamba lugha ya ufundi huu iliamuliwa katika chumba cha mtihani, mbali na mabaraza ya istilahi na mbali na sera za elimu. Kati ya miaka ya mwanzo ya tisini na kuenea kwa vyeti vya kampuni kilikuwapo kipindi kifupi ambapo kazi ilifunzwa bila mtihani wowote. Kipindi hicho ndicho kilichokuwa na nafasi pana zaidi kwa Kiswahili, nacho kilipita bila kuandikwa.

1.0 Utangulizi

Wanaisimu wa Kiswahili tumeandika mengi kuhusu kompyuta. Tumebishana juu ya tarakilishi na ngamizi, tukaipokea tovuti, tukaizoea barua pepe, na hadi leo nywila haijawashinda kabisa wale wanaopendelea neno la siri. Maneno hayo yote ni ya mtu aliyeketi mbele ya kioo. Nyuma ya ukuta yupo mtu mwingine, aliyevuta waya, aliyegawa anwani, anayeamshwa usiku benki inapopoteza mawasiliano na matawi yake. Huyu hatujamuuliza alijifunza kazi yake kwa lugha gani, wala lugha hiyo ilimgharimu nini.

Swali hili si la wanaisimu peke yao. Kijana wa Kampala, Mwanza au Bukavu anayejiandaa kwa kazi ya mitandao leo anahitaji mambo matatu: mikono inayoweza kufunga waya, hesabu ya anwani, na Kiingereza cha kutosha kusoma mtihani wa saa mbili. Mambo mawili ya kwanza yamo katika mitalaa. La tatu halimo katika mtalaa wowote wa mitandao, ingawa ndilo linalowachuja wengi. Mshauri wa sera anayetaka kujua kwa nini vyuo vinahitimisha mafundi wengi lakini wenye vyeti vinavyotambuliwa kimataifa ni wachache, anapaswa kulitazama hili la tatu kwanza, na kulitazama katika historia yake.

2.0 Shule ya simu

Mwaka 1948 ilifunguliwa Mbagathi, nje kidogo ya Nairobi, shule kuu ya mafunzo ya kuhudumia posta na simu za Kenya, Uganda na Tanganyika. Shule hiyo ilikuja kuwa Chuo cha Teknolojia ya Mawasiliano cha Kenya mwaka 1992, na leo ni Chuo Kikuu cha Multimedia. Kwa muda wa kizazi kizima, fundi wa simu wa Gulu, Tabora au Kisumu aliyetaka kupanda cheo alipitia hapo. Mkataba wa Jumuiya wa mwaka 1967 uliyagawa makao makuu ya mashirika baina ya nchi tatu, na Shirika la Posta na Simu likaangukia Kampala. Fundi angeweza kuajiriwa nchi moja, akasomea ya pili na kuhamishiwa ya tatu.

Lugha ya darasa ilikuwa Kiingereza, na sababu yake ilikuwa wazi: kipimo cha fundi wa simu, hapa na katika sehemu kubwa ya makoloni ya Uingereza, kilikuwa mitihani ya City and Guilds ya London. Kazini mambo yalikuwa tofauti. Kikundi kilichosimamisha nguzo kilikuwa na watu wa makabila mengi, na Kiswahili ndicho kilichokuwa chepesi kuwaunganisha, hata Uganda ambako hakikupendwa mijini. Neno simu lenyewe lina asili ya Kiajemi, nalo kwanza lilimaanisha uzi wa madini. Mafundi walilikuta tayari. Waya, nguzo, laini na kikata ni maneno ya kazi yaliyozoeleka bila kikao cha kuyasanifu.

Hivyo ufundi huu ulizaliwa na lugha mbili zenye vyeo tofauti. Moja ilitoa cheti, nyingine ilisimamisha nguzo. Mgawanyo huo ulikuwa na athari ya kiuchumi iliyo rahisi kuipuuza: msaidizi hodari asiyejua Kiingereza alibaki msaidizi hadi kustaafu, hata kama ndiye aliyejua kila kisanduku cha maungio katika wilaya yake.

Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ililazimika kujitafutia shule yake. Uganda iliendeleza mafunzo Nakawa, mahali palipo sasa na Taasisi ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano ya Uganda. Njia ya pamoja ya kuhamishana mafundi ilikatika, na pamoja nayo ikapotea haja ya kila siku ya lugha ya pamoja. Huko Tanzania, ambako elimu ya msingi ilikuwa tayari kwa Kiswahili, kompyuta zenyewe zilikuwa haba: amri ya mwaka 1974, iliyotolewa baada ya Hazina kuingia hasara na mashine yake, ilizuia uingizaji wa kompyuta na ikalegezwa polepole mno. Nchi iliyokuwa na lugha tayari ilikosa mashine, na majirani waliokuwa na mashine kidogo hawakuwa wameipa lugha hiyo nafasi darasani. Bahati mbaya hii ya kihistoria haijapewa uzito unaostahili katika maandishi yetu.

3.0 Usiku wa modemu

Mitandao ya kompyuta haikufika kwetu kwa njia ya mashirika ya simu. Ilifika kupitia vyuo vikuu, madaktari na mashirika ya mazingira, mwanzoni mwa miaka ya tisini, ikitumia mfumo uitwao FidoNet uliobuniwa Marekani mwaka 1984 na Tom Jennings kwa ajili ya watu wenye kompyuta za nyumbani. Mradi wa ESANET, ulioungwa mkono na IDRC ya Canada, uliunganisha vyuo vikuu vya Kenya, Uganda, Tanzania, Zambia na Zimbabwe, na kitovu chake kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi. Makerere ilikuwa na kituo chake kilichojulikana kwa jina la MUKLA, na barua zake zilipita London kwenye lango la shirika la GreenNet.

Inafaa kueleza utaratibu wenyewe, maana ndio uliokuwa mtalaa. Ujumbe haukuondoka pale ulipoandikwa. Ulibanwa pamoja na mingine katika kifurushi kimoja ukasubiri. Usiku, laini za simu zikiwa zimetulia na gharama zimepungua, modemu moja ilipigia nyingine, zikasalimiana kwa ule mlio wa kukwaruza, zikabadilishana vifurushi na kukata. Laini ikikatika katikati, kazi iliendelea baadaye kutoka mahali ilipoishia. Aliyesimamia kituo alipaswa kujua laini ya simu, mipangilio ya modemu, nafasi ya diski, na pia tabia za watu waliosubiri barua zao asubuhi. Alijifunza kwa kukaa karibu na aliyemtangulia.

Hakukuwa na mtihani. Hakuna chombo popote duniani kilichokuwa kikitoa cheti cha kuendesha kituo cha FidoNet. Miongozo iliandikwa kwa Kiingereza, lakini maelezo ya fundi kwa fundi yalitolewa kwa lugha yoyote waliyoshirikiana: Dar es Salaam kwa Kiswahili, Nairobi kwa mchanganyiko unaojulikana, Kampala kwa Kiluganda na Kiingereza, na Kiswahili pale alipokuwapo mtu wa enzi ya Shirika. Kwa mtazamo wangu huu ndio wakati ambao Kiswahili cha mitandao kingeweza kuandikwa bila kumwomba mtu ruhusa. Hakikuandikwa. Wanaisimu wakati huo tulikuwa tukitafuta neno la kuiita kompyuta.

4.0 Warsha

Intaneti kamili ilipoanza kuingia, maarifa yaliyohitajika yalibadilika. Kituo cha usiku hakikuhitaji kujua njia. Kilijua namba ya simu tu. Mtandao wa kudumu unahitaji ruta zinazojua pakiti ipite wapi, na watu wanaojua kuzielekeza. Kwa miaka kadhaa mtu aliyetaka maarifa hayo alisafiri mbali: Shirika la Intaneti lilifanya warsha zake za mafunzo Stanford mwaka 1993, Prague mwaka 1994, Hawaii mwaka 1995, na kuendelea hivyo. Mwaka 2000 Waafrika na marafiki zao walianzisha AfNOG, kikundi cha waendeshaji wa mitandao Afrika, na warsha ya kwanza ikafanyika Cape Town. Kampala iliipokea mwaka 2003, Nairobi 2006, Kigali 2010, Dar es Salaam 2011.

Warsha hizi zinastahili sifa kubwa kuliko zinavyopewa. Wanafunzi waligawanywa katika vikundi, kila kikundi kikawa kama kampuni ya intaneti yenye ruta yake, na katikati ya chumba pakawa na swichi moja ya kubadilishana mawasiliano. Mtu aliondoka akiwa amejenga mfano wa intaneti kwa mikono yake. Walimu walikuwa waendeshaji wenyewe, wengi wao wanafunzi wa warsha za nyuma, na hakuna aliyefeli kwa sababu hakuna aliyetahiniwa.

Lugha zilikuwa mbili. Kozi zilitolewa kwa Kiingereza na, kwa ajili ya nchi zinazotumia Kifaransa, kwa Kifaransa. Kifaransa kilipata chumba chake kwa sababu kilikuja na walimu na maandishi mkononi. Kiswahili hakikuwa na maandishi, kwa hiyo hata katika miji minne ya Afrika Mashariki niliyoitaja hakikuwa na chumba. Sioni hapa njama ya mtu. Naona pengo la ukurasa mmoja mmoja ambao tungeweza kuuandika miaka kumi kabla.

Umuhimu wa kueleza mambo haya kwa lugha inayoeleweka ulidhihirika Nairobi. Mwezi wa Novemba 2000 watoa huduma wa Kenya walifungua kituo chao cha kubadilishana mawasiliano, KIXP. Kabla yake, barua kutoka kampuni moja ya Nairobi hadi nyingine ya Nairobi ilipanda setilaiti, ikafika Ulaya au Marekani, ikarudi. Baada ya majuma mawili hivi kituo kilifungwa kwa amri ya mdhibiti, kufuatia malalamiko ya shirika la simu lililokuwa na haki ya pekee ya mawasiliano ya nje. Wahandisi walijikuta mbele ya baraza la rufaa wakieleza kwamba swichi ile haikuwa simu ya kimataifa. Ilikuwa mahali pa majirani kupeana barua bila kuzipitisha ng'ambo. Kituo kilifunguliwa tena Februari 2002. Hoja za kisheria zilikuwa nyingi, lakini kiini cha ubishi kilikuwa cha istilahi: nini maana ya kubadilishana, na nini maana ya kusafirisha. Kijana anayejiandaa kwa kazi hii hafundishwi kwamba siku moja atasimama mbele ya wanasheria. Angefundishwa.

5.0 Kurudi kwa mtihani

Kampuni ya Cisco ilianzisha vyuo vyake vya mitandao mwaka 1997, na mwaka uliofuata ukaja mtihani wa CCNA, ambao kwa waajiri wengi wa kanda yetu ukawa ndio maana ya neno fundi wa mitandao. Julai 2000, katika mkutano wa mataifa tajiri huko Okinawa, kampuni hiyo pamoja na UNDP ilitangaza mpango wa kufungua vyuo katika nchi zenye maendeleo duni zaidi. Uganda, Tanzania na Rwanda zilikuwamo.

Ni rahisi kwa mtafiti wa lugha kuulaumu mpango huu, nami sitaki kufanya hivyo kwa haraka. Kabla yake, maabara ya ruta ilikuwa ndoto kwa vyuo vingi. Mtalaa uliokuja ulikuwa na michoro, mazoezi, na baadaye programu ya kuigiza mtandao ambayo mwanafunzi aliweza kujenga ndani yake ruta ishirini bila kumiliki hata moja. Vijana wengi wanaoendesha mitandao ya benki na vyuo vikuu leo walitokea humo. Lakini pamoja na maabara kulirudi kile kilichokuwapo Mbagathi: mtihani uliotungwa mbali, kwa lugha ya mbali, unaoamua nani aitwe fundi.

Tazama jinsi matabaka saba ya mtandao yanavyofundishwa. Mwanafunzi hupewa sentensi ya Kiingereza inayomwusia asitupe piza yenye soseji, ambayo herufi za mwanzo za maneno yake ni herufi za mwanzo za majina ya matabaka. Nimesikia sentensi hiyo ikikaririwa kwa bidii na vijana ambao piza si chakula chao wala soseji haiingii katika kinywa chao. Sentensi hiyo ni kiegemeo cha kumbukumbu cha mtu mwingine, na kiegemeo cha namna hiyo hufanya kazi kwa anayekielewa bila kufikiri. Kwa wengine kinakuwa jambo la nane la kukariri juu ya yale saba.

Linganisha na kazi ya mkono. Mwanafunzi anayebana kichwa cha waya kwa mpangilio uliozoeleka hukariri rangi: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kwa Kiswahili hii inaimbika, na fundi wa mtaani humfundisha mwanagenzi asubuhi moja. Hesabu ya anwani nayo haihitaji Kiingereza. Kiwanja chenye anwani 256 hugawanywa nusu, kikawa na vipande viwili vya 128. Ukigawa tena unapata vinne vya 64. Katika kila kipande anwani ya kwanza ni jina la kiwanja chenyewe na ya mwisho ni ya kutangazia wote, kwa hiyo mashine zinazoweza kupangishwa humo ni 62. Mtoto wa mkulima aliyeshuhudia urithi wa shamba ukigawanywa hashindwi na jambo hili. Akishindwa na swali lake katika mtihani, mara nyingi ni kwa sababu swali limemtaka achague majibu mawili yasiyokuwa sahihi miongoni mwa matano, katika sentensi yenye vishazi vitatu.

Tulikwisha kuonywa. Tume ya elimu ya Tanzania iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Miaka miwili baadaye Criper na Dodd walionyesha jinsi Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari kilivyokuwa hafifu mno kubeba masomo mengine. Mijadala hiyo ilihusu fizikia na historia, lakini mahali ilipouma zaidi ni katika fani kama hii, ambayo vitabu vyake hubadilika kabla mwalimu hajamaliza kuvitafsiri kichwani. Mwezi wa Februari 2020 mitihani ya ngazi ya CCNA iliunganishwa kuwa mmoja, ukaongezewa mambo ya kuendesha mitandao kwa programu. Ada yake ikawa dola 300. Lugha zake zikawa Kiingereza na Kijapani. Kijapani kina wasomaji wa nchi moja tajiri. Kiswahili kina nchi nyingi zisizonunua vyeti kwa wingi, na sijawahi kuona serikali yoyote ya kanda ikiufanya ununuzi huo kuwa hoja ya majadiliano.

6.0 Neno mtandao na faili la malalamiko

Kazi ya istilahi iliyofanywa si ndogo. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili mwishoni mwa mwaka 2004, na kwa ajili yake ikakusanywa faharasa ya maneno ambayo hadi leo ina manufaa. Lakini ni faharasa ya ofisi: hati, jedwali, chapisha, hifadhi. Fundi alibaki na nomino chache za kubuni, kama kipanga njia, ambazo hazitumii kwa kuwa ruta inamtosha. Mimi pia naona ruta inatosha. Kupigania nomino ni kupoteza nguvu mahali pasipo na vita.

Tatizo halisi ni kwamba neno mtandao limebebeshwa mzigo usiobebeka. Linamaanisha waya na mashine za ofisi moja, linamaanisha intaneti nzima, linamaanisha mawimbi ya simu, linamaanisha kampuni inayoyauza, na katika siasa linamaanisha kundi la watu wanaosaidiana kupata vyeo. Mteja akipiga simu na kusema “hakuna mtandao”, hajasema lolote ambalo fundi anaweza kulifanyia kazi. Nusu ya utaalamu wa mtu wa dawati la huduma ni kuuliza maswali yatakayoivunja sentensi hiyo.

Na hapa Kiswahili, ambacho katika nomino kinaonekana maskini, kinageuka tajiri ghafla. Msikilize mteja akieleza zaidi. Akisema “haishiki”, kifaa hakijaungana kabisa na kisambazaji: tafuta waya, umeme, mawimbi, au neno la siri. Akisema “imeshika lakini haifungui”, tabaka la chini ni zima na hitilafu iko juu: jaribu kufika mbali kwa namba badala ya jina, namba ikiitika na jina lisipoitika, seva ya majina ndiyo mgonjwa. Akisema “inakatika-katika”, shuku kiungo kilicholegea au njia inayopanda na kushuka. Akisema “inasuasua”, njia ipo, ila imejaa au pakiti zinapotea. Vitenzi hivi vinne vinagawa hitilafu karibu sawasawa na vitabu vinavyozigawa. Hakuna kamati iliyovisanifu, wala sijavikuta katika mtalaa wowote wa mitandao, ingawa kila dawati la huduma kutoka Mombasa hadi Bujumbura linaviishi.

Kwa hiyo kijana hufundishwa kuchunguza hitilafu kwa Kiingereza, kisha siku ya kwanza kazini anaanza upya kujifunza kuisikia kwa Kiswahili. Shajara ya hitilafu anaijaza kwa Kiingereza. “Inasuasua” inaandikwa kuwa mwendo mdogo, na tofauti iliyokuwa mdomoni mwa mteja inapotea kabla ya zamu ya usiku kuisoma.

7.0 Mipakani

Nyaya za baharini zilipofika pwani yetu, SEACOM mwezi wa Julai 2009, kisha TEAMS na EASSy, kazi ilihamia bara. Uzi wa kioo ulisafiri kutoka Mombasa hadi Malaba, Kampala na Kigali. Tanzania ilijenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ukafika Mutukula kwa Uganda, Rusumo kwa Rwanda, Kabanga kwa Burundi na Namanga kwa Kenya. Kila mahali hapo pana timu mbili za nchi mbili zinazohudumia uzi mmoja. Uzi ukikatika, kila upande hupeleka mwale wa mwanga ndani yake, husoma unaporudi, na kuhesabu kilomita hadi penye jeraha. Vipimo vya pande mbili lazima vikutane. Aliyesomea Bujumbura alijifunza kwa Kifaransa, aliyesomea Ngara kwa Kiingereza cha sekondari. Maungio yanapofanyika usiku wa manane kando ya barabara, Kiswahili ndicho lugha iliyo karibu zaidi na wote wawili. Hali iliyokuwa ya vikundi vya nguzo vya Shirika la Posta na Simu imerudi, safari hii bila shule ya pamoja.

Sera nazo zimesogea. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi kwa sheria ya mwaka 2017. Wakuu wa nchi za Jumuiya walikikubali pamoja na Kifaransa mwaka 2021, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda likaidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Mazungumzo yaliyofuata Kampala yalihusu walimu wa shule za msingi na sekondari. Vyuo vya ufundi havikutajwa sana, ingawa ndiko Kiswahili tayari kina kazi ya kufanya.

Pendekezo ninaloliweka mbele ya Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na ya mamlaka za mafunzo ya ufundi ni dogo makusudi. Tuuache mtihani wa kampuni na Kiingereza chake; mwenye kutaka kuajiriwa Dubai atauhitaji. Lakini vyeti vya ufundi vya ngazi ya kwanza tunavitoa sisi wenyewe, na sehemu yake ya vitendo, yaani kubana waya, kugawa anwani, kupokea malalamiko na kutafuta hitilafu, inaweza kutahiniwa kwa Kiswahili katika nchi zote za Jumuiya kwa karatasi moja. Karatasi hiyo ikiwapo, vitabu vitaandikwa, kwa sababu waandishi wa vitabu hufuata mtihani. Miongozo iandikwe na mafundi pamoja na wanaisimu, fundi akiwa wa kwanza kushika kalamu. Ninatarajia kupingwa na wenzangu watakaosema istilahi hazijakamilika. Istilahi za simu hazikuwa zimekamilika mwaka 1948, na nguzo zilisimama.

Jambo la pili lina haraka zaidi, kwa kuwa halitegemei kikao. Aliyekuwa na miaka 25 alipokuwa akilinda modemu usiku mwaka 1992 anatimiza miaka 60 mwaka 2027. Wachache waliobaki wa Mbagathi ya Jumuiya ya kwanza wamekwisha kupita umri huo zamani. Maneno waliyofundishana wakiwa wamekaa karibu na mashine hayamo katika kumbukumbu za mradi wowote, kwa sababu ripoti ziliandikwa kwa wafadhili. Kinasa sauti kimoja, mwanafunzi mmoja wa uzamili katika kila nchi na mwaka mmoja wa kuwatembelea vingetosha kuanza, na Nakawa, Mbagathi na Dar es Salaam ndiko pa kuanzia.